Mara Tano Kwetu, Kumi na Tano Kwao

Yule kijana wa ghorofa ya juu nimemnyonyesha mie. Naanza na hilo, maana mengine yote yanatoka hapo.

Nyumba yetu ni hizi za Mji Mkongwe, za mawe na chokaa, ngazi zake nyembamba zimesimama wima kama za mnarani. Chini duka la vitambaa vya watalii, kati nnakaa mie, juu wanakaa wao. Wao asili yao Wahindi, Makhoja, Mashia Ithnaasheri. Mie Sunni, Shafii kama wengi wa hapa. Tumekaa hivyo miaka mingi kuliko umri wa huyo kijana. Mfungo Nne ukiingia, mwezi wao wa msiba, wanavaa nyeusi, wanakwenda kwenye majlisi zao, wananiteremshia sharbati na biriani. Mfungo Sita mie nnakwenda maulidini, nnawapandishia halua. Hatujawahi kugombana kwa dini. Kwa maji ya tangi tushagombana, na kwa kamba ya kuanikia nguo, tena sana.

Mwaka aliozaliwa huyo kijana mie nna mtoto wangu wa kike wa miezi mitatu. Mwanangu pekee huyo, Mungu hakunipa mwengine. Kijana ana siku kumi tu, mamake akashikwa na homa ya uzazi, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Asubuhi mumewe akampeleka hospitali. Wifi yake, yaani shangazi wa mtoto, msichana wakati ule hata kuolewa hajaolewa, akateremka kwangu na mtoto mikononi. Mtoto analia na yeye analia.

"Nimfanye nini, dada?"

"Mlete huku."

Hata sikufikiri. Nani anafikiri? Mtoto ana njaa na mie maziwa yanamwagika mpaka kwenye kanga. Ziwa la kushoto nkampa wangu, la kulia nkampa yeye. Wakanyonya wote wawili, yule wangu anamkodolea macho mwenzake kama anauliza, huyu katoka wapi? Nkakaa naye hivyo mpaka kesho yake adhuhuri, mamake alivyorudi kashapigwa sindano zake, homa imeshuka.

Tangu hapo akawa wangu. Mamake alikuwa Mama wa Juu, mie nikawa Mama wa Chini. Akipigwa juu anakimbilia chini, akipigwa chini anakimbilia juu. Na binti yangu wakiitana pacha, na skuli wakisema hivyo hivyo mpaka mwalimu akauliza, pacha gani mmoja Mhindi mmoja Mswahili?

Alivyokuwa na miaka kumi mume wangu akafariki. Siku ya tatu ya matanga nkamkalisha nkamwambia, "Sikiliza. Baba yenu keshakwenda. Kaka zangu wameshakwenda. Mie nikifa, wewe ndiye utakayeteremka kaburini kunipokea."

Akasema, "Haya, Mama," akaendelea kula tende.

Kwetu mwanamke anapokewa kaburini na maharimu wake, mume au mtoto wa kiume au kaka, mtu ambaye hawezi kukuoa, anakukuta kichwa wazi hapana neno. Mie mtoto wa kiume nnaye huyo mmoja. Mkwe ninaye, mume wa binti yangu, sheria inamruhusu, lakini mkwe ni mkwe. Hata chai mbele yangu hanywi kwa haya. Nikae nimwazie yeye ndo wa mwisho kunishika duniani? Roho haikutaka. Roho ilimtaka yule niliyempa la kulia.

Basi akakua, akamaliza skuli, baba yake akafariki naye, na kijana akakwenda Qum kusoma dini. Miaka saba. Alikuwa akipiga simu Ijumaa, Mama wa Chini hujambo, goti vipi, na mie namwambia goti halijambo, njoo wewe.

Siku aliyorudi nlisimama kwenye ngazi tangu saa mbili asubuhi. Nkasikia mlango wa chini, nkasikia sanduku linagonga ukuta, mara huyo, kanzu, ndevu, kajaa mwili. Nkafungua mikono. Akasimama ngazi mbili chini yangu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Asalaam alaykum, Mama. Shikamoo."

Anaviambia viatu vyangu. Mikono yangu imebaki hewani kama mtu anayepima kitambaa. Nkasema marahaba, nkaiteremsha. Nkajisemea kachoka, safari ndefu.

Ijumaa akaja binti yangu. Yeye kaolewa Jambiani, analima mwani na wenzake, anakuja mjini kila baada ya wiki mbili. Alikuja na pweza mkavu wa kumkaribisha nduguye. Akamkuta kwenye ngazi, akamchapa kibao cha bega. "Weye! Umekuwa shekhe, umenisahau!" Kijana akaruka kama kamwagiwa maji ya moto. Akasema alhamdulillahi pacha hujambo, macho ukutani, akapanda juu mbio.

Binti yangu akaingia ndani ananiuliza, "Kwani mie nanuka mwani?"

"Unanuka," nkamwambia, "lakini si hilo."

Alasiri nkampigia kelele kutoka chini. Akajibu "Naam!" akateremka. Akakaa kiti cha karibu na mlango, mlango kauacha wazi. Sikumzungusha.

"Mie nimekukosa nini?"

"Hujanikosa kitu, Mama."

"Basi mkono wangu una nini?"

"Mama, kwenu wewe ni mama yangu. Kwetu sina hakika."

"Kwetu na kwenu tangu lini? Ziwa lilikuwa moja."

Akacheka, lakini cheko la mtu mwenye shida. Akanieleza pole pole. Kwao wao mtoto hawi wa mwanamke aliyemnyonyesha mpaka zitimie sharti. Ama amnyonyeshe mara kumi na tano mfululizo, kila mara ashibe, katikati asipewe maziwa mengine wala chakula. Ama akae usiku na mchana mmoja mzima, chakula chake ni maziwa hayo tu. Ama anyonye muda wa kuonekana nyama na mifupa yake imejengeka kwa maziwa hayo. Pasipo hivyo, mie kwake ni jirani. Jirani mpenzi, lakini mwanamke wa kando, na mwanamke wa kando hashikwi mkono wala haangaliwi kichwa wazi.

Nkamuuliza, "Na kaburini?"

Akatazama sakafu. Nkaona analikumbuka, tende na yote.

Sasa mie skuli nliishia darasa la tatu. Msahafu nnausoma, nimehitimu chuo cha Qur'ani kwa bakora, maana yake naambiwa na wenye kujua. Alkhamisi baada ya alasiri tuna darsa ya wanawake kwenye msikiti wa mtaani, anatusomesha maalim mmoja mtu mzima. Nkabaki nyuma wenzangu walipotoka, nkamueleza.

"Ulimnyonyesha mara ngapi?" akaniuliza.

"Nyingi."

"Nyingi ngapi? Zimefika tano, kila moja kashiba kaacha mwenyewe?"

"Zimepita mbali."

"Una yakini?"

"Kama ninavyokuona."

"Basi mwanao. La kuuliza hapana."

"Hao wa juu wanasema kumi na tano."

Akavua miwani akaifuta kwa kanzu. Akasema, "Aya ni moja, wanaisoma wao na tunaisoma sisi. Imewataja mama wa kunyonya katika wasiooleka, basi. Hesabu haimo. Hesabu lazima tuitafute nje ya aya. Sisi tumeipokea kwa mkewe Mtume, yeye katufikishia tano, na imamu wetu akaishika. Na wako Masunni wenzetu, wa madhehebu mengine, kwao hata mara moja imetosha. Hao wa juu hawakupita mlango huo. Wao wanasema ufunguo wa kuifahamu Qur'ani Mtume kauacha kwa watu wa nyumba yake, binti yake na mkwewe na Maimamu wa kizazi chao. Hesabu yao imetoka huko."

"Na nani kapatia?"

"Wewe umekuja kuuliza mtoto wako au umekuja kunipiganisha?"

Nkarudi nyumbani nkamhadithia kijana neno kwa neno. Akasema maalim kasema sawasawa, yeye mwenyewe asingeongeza kitu. Nkafurahi. Nkamwambia, haya basi, wewe na elimu yako yote unasemaje?

"Mie sisemi, Mama. Mie nafuata."

Akanambia wao kila mmoja ana marjaa wake, mwanachuoni mkubwa aliyefika daraja ya kutoa hukumu mwenyewe kutoka katika Qur'ani na maneno ya Maimamu. Tena awe hai. Asiyefika daraja hiyo anamfuata aliyefika. Wa kwake yuko Najaf, ana ofisi, ukiwa na suali unaandika, unajibiwa.

"Miaka saba umekula baridi za watu, na bado unauliza?"

"Wako waliokula arubaini, bado wanauliza."

Nkawaza, wote wawili hawa kila mmoja kamuegemea mtu. Maalim wangu kamuegemea imamu aliyekufa zamani, huyu kamuegemea aliye hai. Mmoja yuko kaburini, mmoja ana simu. Nkamwambia hivyo, akacheka mpaka akashika mlango.

Kisha akasema, "Lakini hapa hata simu haitakiwi. Sharti nnazijua. Nisichokijua ni kilichotokea siku ile. Anayejua wewe tu."

Loo! Hapo nkakaa sawa. Vitabu vyote vile, na Najaf na maalim, wananisubiri mie.

Tukapanda juu kwa mamake Jumapili asubuhi. Shoga yangu ana sukari, miguu imemvimba, siku hizi hateremki. Yuko kitandani na mto mgongoni, anakata bamia kwenye sinia. Kijana kakaa dirishani. Nkaanza kuhesabu kwa adhana, maana siku hizo saa sikuwa nayo.

"Ya kwanza kateremshwa, saa nne hivi. Ya pili kabla ya adhuhuri. Nkasali, ya tatu. Wali ulipoungua, ya nne, nlimsikia analia nkausahau jikoni. Ya tano kabla ya alasiri…"

Shoga yangu akadakia, "Nyie Masunni adhana tano ndo mana hesabu yenu tano. Sisi tunaunganisha sala, tumebaki na tatu, mbona tumedaiwa kumi na tano?"

"Mama!" kijana akasema.

"Nauliza tu. Mie mgonjwa."

Nkaendelea. Na hapo hapo kwenye alasiri, nkaliona. Nkaliona wazi kabisa, kama liko mbele yangu. Yule shangazi kaja, kanambia dada pumzika kidogo, kamchukua mtoto juu. Nkasali, nkapata lepe la usingizi. Alivyomrudisha, mtoto kalala fofofo, midomo myeupe, na chupa iko mkononi mwake. Nkamuuliza nini hiyo, kanambia vijimaziwa kidogo vya kopo. Nkamgombeza. Baadaye sikulitaja kwa mtu, maana lilikuwa neno dogo.

Watu wote walikuwa wameshalisahau. Mamake hakuwepo. Shangazi mwenyewe kaolewa Dar, hana habari. Duniani nnalijua mie peke yangu.

"Ya sita," nkasema, "baada ya alasiri." Nkalipita. Nkahesabu magharibi, isha, nkahesabu za usiku, na za alfajiri, na za asubuhi, mpaka mlango ulipogonga mamake karudi. Kumi na sita. Na usiku na mchana umepita, kutoka saa nne mpaka adhuhuri ya pili.

Kijana akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje. "Katikati alipewa kitu kingine? Maziwa ya mwengine, uji, chochote?"

"Hata tone," nkasema.

"Una hakika, Mama?"

"Niape?"

"Usiape. Neno lako linanitosha."

Akaondoka pale dirishani, akapiga magoti, akauchukua mkono wangu akaubusu, akauweka kichwani kwake. Mamake akaanza kulia juu ya bamia. Na mie nkalia, lakini mie nlikuwa na sababu mbili.

Siku nne zile nlikuwa malkia. Akiteremka asubuhi anabusu mkono. Goti akalisugua kwa mafuta ya karafuu. Nikikaa kichwa wazi jikoni, anaingia, anafunua vyungu kama zamani. Binti yangu nkampigia simu Jambiani, akapiga kigelegele huko huko mwanini, wenzake wakamuuliza nani kaolewa. Na la kaburi akanambia mwenyewe, bila ya kuulizwa, "Mama, lile la siku zile, nimekubali. Mungu akuweke, lakini nimekubali." Yote niliyoyataka nimeyapata. Na usingizi nikawa sipati mzuri.

Alkhamisi akanishika mkono kuniteremsha ngazi, akanisindikiza mpaka mlango wa msikiti, akenda zake msikitini kwao. Huko darsani wenzangu wakawa wameshasikia habari yangu, mji wenyewe mdogo huu. Mmoja akauliza, "Maalim, sisi tano tumejuaje ni tano, na wao kumi na tano wamejuaje?"

Maalim akasema, "Kwa watu. Elimu imetufikia kwa watu. Huyu kasikia kwa huyu, huyu kasikia kwa yule, mpaka kwa Mtume. Sasa wanavyuoni walikuwa wakiwachambua wale watu mmoja mmoja. Mkweli? Kumbukumbu yake nzima? Akijulikana kasema uongo, habari zake zinaachwa, hata zile alizosema kweli."

"Na Mashia?" nkauliza mie.

"Na wao wana vitabu vyao vya kuwachambua wapokezi wao. Wanaowaamini wao sio wote tunaowaamini sisi, na tunaowaamini sisi sio wote wanaowaamini wao. Lakini mwongo hatakiwi na yeyote."

Darsa iliyobaki sikuisikia. Nkawa namwaza yule kijana. Yeye hakuniuliza kwa kuniomba hisani. Kaniuliza kama wanavyoulizwa wale watu, na kile nilichomjibu kakitia katika dini yake. Anashika mkono ambao kwake haramu, na hajui, na mie najua.

Akanikuta mlangoni, akanishika mkono, tukarudi. Ngazi zetu nimekwambia zilivyo. Tumefika kati, hapo penye giza, goti moja limepanda na moja bado, yeye kanishika kiwiko barabara. Nkasema sasa hivi, la sivyo sitasema tena.

"Kulikuwa na chupa."

"Chupa gani, Mama?"

"Ya maziwa ya kopo. Shangazi yako alikupa. Alasiri, baada ya ya tano. Nlijua Jumapili ile, nkakuficha."

Akasimama. Nlikuwa nausikia mkono wake. Akawa hajui aniachie au anishike. Akiniachia naanguka na kufa pale pale, na la kaburi linakuja mapema. Akinishika, keshajua. Tukabaki hivyo, mie mguu mmoja juu, yeye kama kabanwa na mlango.

"Mama, kanga yako ya pili iko wapi?"

"Begani."

"Nipe."

Nkampa. Akaizungusha mkono wake wote, kitambaa juu ya kitambaa, akanishika tena. "Panda," akasema. Nkapanda. Kwa kila ngazi nnasema astaghfirullahi.

Tukafika juu kwa mamake, akaketi. Hakukasirika, bora angekasirika. Akampigia shangazi yake Dar, akaiweka simu itoe sauti.

"Shangazi, nauliza jambo la zamani. Nlipokuwa na siku kumi, mama yuko hospitali, ulinipa chupa?"

"Wewe umeanza kuugua nini leo?"

"Jibu tu, shangazi."

"Nkakupa! Ulikuwa ukilia nyumba nzima haikaliki. Nkakoroga maziwa ya kopo, ukamaliza chupa nzima, ukalala. Na dada wa chini akanigombeza mpaka leo nakumbuka. Yupo hapo? Mwambie sijamsamehe!"

"Nipo," nkasema. "Ulikuwa na haki usinisamehe."

"Mbona mnanitisha nyinyi? Nani kafa?"

Kijana akamuaga. Tukahesabu upya. Tano kabla ya chupa, kumi na moja baada yake, na usiku na mchana umekatika. Hata hivyo akaandika Najaf, kwa sababu ya lile sharti la nyama na mifupa. Baada ya siku kadhaa jibu likaja kwenye simu, mistari miwili tu. Kwa muda kama huo haithibiti. Mie kwetu ni mamake bila ya shaka yoyote. Kwake mie ni jirani.

Nkamuomba msamaha. Akasema, "Zile siku nne mie sina dhambi, nlifuata neno lako. Wewe yako yaombee toba." Nkamwambia nshaanza tangu kwenye ngazi.

Basi tunaishi hivyo. Mie mbele yake sijifuniki, maana kwa hesabu yangu nnakaa na mwanangu, na sitaki kuikana hesabu yangu. Yeye akiingia macho yanakwenda sakafuni, maana kwa hesabu yake haruhusiwi, na hawezi kuikana yake. Nikipita anahesabu vigae. Goti analisugua binti yangu akija, siku nyengine nalisugua mwenyewe. Na kwenye ngazi kuna ile kanga, tumeitundika msumarini kwa kazi hiyo, nikitaka kuteremka anaivaa mkononi.

Siku moja tunateremka namna hiyo nkamwambia, "La kaburi nimekusamehe. Atateremka mkwe."

Akasimama. "Nani kakwambia siteremki?"

"Si mie mwanamke wa kando?"

"Mama, siku ile uliponiuliza nlikuwa sijalitafuta. Maharimu ndiye bora. Lakini yeye peke yake hawezi, lazima asaidiwe, na wa kumsaidia anaruhusiwa. Wewe utakuwa kwenye sanda, si mkono kwa mkono. Kwetu hivyo. Kamuulize na maalim wako."

Nkamuuliza. Maalim akasema vivyo hivyo, tena haraka, hakuvua hata miwani. Kumbe nlisema uongo kwa kitu ambacho ningepewa kwa kuuliza mara ya pili. Hilo limeniuma kuliko yote, na limenichekesha.

Ijumaa iliyofuata binti yangu akaja na mumewe, tukala pamoja juu, ili shoga yangu asiteremke. Binti yangu keshaelezwa. Akamgeukia kijana.

"Kwa hiyo mie si pacha wako?"

"Kwenu ndiye," akamwambia sinia la wali. "Kwetu bado."

"Basi nirudishie maziwa yangu. Yalikuwa ya miezi mitatu, mazito."

Mamake akapaliwa. Mkwe wangu, kwa haya zake, akajitazama vidole. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye kashazika wengi kwao Jambiani, na anavyojua yeye wanatakiwa watatu, mmoja kichwani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni, na maharimu ndiye anakaa kiunoni. Kijana akasema kweli, na yeye basi atakaa kichwani. Mkwe akasema kichwani panataka mtu mrefu. Kijana akasema yeye mrefu. Wakasimama wakapimana mgongo kwa mgongo, binti yangu anaweka kiganja juu ya vichwa vyao, shoga yangu anapiga kelele kitandani kwamba kofia isihesabiwe.

Mkwe kashinda kwa vidole viwili. Nkasema hapana, kichwani anakaa wa juu, mie ndiye maiti na mie ndiye ninayechagua. Wakakubali. Wa tatu bado hatujampata, na mie sina haraka.